Makopo Chini ya Miti

Kila asubuhi, kabla ya chai na kabla ya kuvaa sare ya shule, Katungu alichukua fagio na kufagia njia ya gari. Ilitoka langoni ikapanda taratibu mpaka barazani, njia pana ya udongo mwekundu, na baba yake aliipenda kuliko nyumba yenyewe. Sikuli, baba yake, alikuwa mfanyabiashara kutoka Butembo. Alifika Kindu na magunia ya maharagwe, akafungua duka karibu na soko, akalala dukani miaka mingi juu ya magunia hayohayo. Kisha akajenga nyumba ya matofali, kisha akanunua kamioneti. Kamioneti ilipofika, akasema haiwezekani gari zuri namna ile liingie kwake kwa kupita kwenye majani kama mbuzi. Ndipo njia ikachongwa.

Shuleni mwalimu alimwita Sitwayeni Katungu, yaani Raia Katungu, kwa maana miaka ile ya Zaire serikali ilikuwa imekataza majina ya ubatizo. Mama yake alimwita Marceline, ila ndani ya nyumba tu, na kwa sauti ya kawaida ya jikoni. Msichana huyu alikuwa na miaka kumi na miwili, mrefu wa miguu, mwepesi wa kucheka, na mwepesi zaidi wa kuchoka na kazi isiyo na watazamaji.

Baada ya njia, baba alitaka miti. Alikuwa ameziona nyumba za wakubwa kando ya mto, jinsi flamboyanti zilivyosimama mstari mmoja pande zote mbili za njia, zikichanua maua mekundu mpaka mpita njia asahau anakokwenda. Basi siku moja mezani akatangaza kwamba njia yake nayo itapata flamboyanti, na kwamba hatamtuma kijana wa dukani kuzipanda.

"Katungu njo atapanda," alisema. "Nataka watu wakipita hapa waseme, miti hii imepandwa na binti wa Sikuli."

Katungu alifurahi kusikia hivyo. Maneno ya watu wakipita alikuwa anayapenda kama baba yake.

Miche ilitoka kwa Mzee Okito. Alikuwa amefanya kazi ya reli ujana wake wote, na sasa alikaa kando ya barabara karibu na stesheni, chini ya kibanda cha majani, akiotesha miti ndani ya makopo. Makopo ya nyanya, ya maziwa, ya samaki, yote aliyaokota nyuma ya maduka, akayatoboa chini kwa msumari. Mjukuu wake, Mauwa, alikaa dawati moja na Katungu shuleni, na siku ile aliwasaidia kupakia miche kwenye kamioneti.

"Sikia vizuri, mutoto," Mzee Okito alimwambia Katungu, akiinua kopo moja. "Kopo haliingii shimoni. Unamwagia maji, unangoja. Unageuza, shina linakaa katikati ya vidole, hivi. Unagonga chini polepole mpaka mti utoke na udongo wake. Ukivuta, unavunja. Na makopo yangu uniletee. Bila kopo, mimi sina shamba."

"Ndiyo, Babu," alisema Katungu. Alisikia kila neno.

Mashimo yalichimbwa na vijana wa dukani. Jumamosi ikafika. Asubuhi yake, kama Jumamosi zote, mji mzima ulitoka kwa salongo, ile kazi ya lazima ya taifa, kufyeka majani na kuzibua mifereji, na watoto wa shule nao hawakuachwa. Salongo Katungu aliijua sana. Gari la mkubwa likionekana mwisho wa barabara, majembe yote yalipanda na kushuka kwa nguvu. Gari likipita, watu waliegemea mipini na kuendelea na habari zao za bei ya mihogo. Hakuna aliyewafundisha watoto jambo hilo darasani. Walilipata kwa macho tu, na macho ya mtoto hayana likizo.

Saa za mchana kulikuwa na mazoezi ya animasyo, nyimbo na ngoma za sherehe ya chama. Katungu alikuwa amewekwa mstari wa mbele, na mwalimu wa ngoma alikuwa amesema wazi kwamba atakayechelewa atarudi nyuma. Alipotoka kwenye salongo akaikuta miche inamngoja kando ya njia, midogo, ya kijani, mingi mno.

Alimwagia maji kopo la kwanza. Hakungoja. Akaligeuza, akaligonga, mti haukutoka. Akagonga tena, akasikiliza upande wa shule, ambako ngoma za kuwaita wachezaji zilikuwa zimeanza kupigwa. Akavuta. Shina likakatika mkononi mwake.

Alitazama nyumbani, mama alikuwa jikoni. Akakichomeka kipande kile ndani ya shimo, akakisimamisha kwa kijiti, akakifunika. Kisha akayatazama makopo mengine, akayatazama na mashimo. Mashimo yalikuwa marefu. Kopo la pili alilitia zima kama lilivyo. Udongo ukafunika mdomo wake, na mti ukasimama wima, mzuri kabisa. Nani angejua? La tatu likaingia upesi zaidi. Nyimbo hazijaanza bado, mstari wote ulikuwa umesimama, na Katungu alikuwa anakimbia kuelekea shuleni, kucha zake bado zina udongo.

Jioni baba alisimamisha kamioneti langoni, hakuiingiza. Alishuka, akatembea katikati ya njia, polepole, akitazama kushoto na kulia.

"Umefanya kazi, mwanangu," alisema. "Umefanya kazi ya mtu mukubwa."

Akawaita majirani waje kuona. Jumapili baada ya misa akasimulia tena mbele ya kanisa, na Katungu alisimama pembeni yake akitabasamu, na kweli alifurahi, tusimsingizie. Furaha ilikuwepo. Ila ilikuwa na mfupa ndani.

Mzee Okito aliuliza habari ya makopo yake siku ya kwanza alipomwona Katungu akipita kwenda shule.

"Watoto wa jirani wamechukua, Babu," alisema Katungu.

Mzee alitikisa kichwa, akasema atatafuta mengine. Mauwa, aliyekuwa amebeba mfuko wa vitabu, aliuliza, "Watoto gani?"

"Sikuwaona vizuri."

Njia nzima mpaka shuleni Mauwa hakuuliza tena, na Katungu akaona ni afadhali angeuliza.

Mvua za masika zilikuwa bado zinapiga. Maji yalijaa ndani ya yale makopo, vitundu vya msumari vikazibwa na udongo, na mizizi haikuwa na pa kwenda. Kile kipande kilichovunjika kilikauka kwanza, na baba akasema mti mmoja si kitu. Kisha mingine ikaanza kugeuka rangi. Majani ya flamboyanti ni madogo kama punje za mchele, na yalipoanza kuanguka yalitapakaa manjano juu ya udongo mwekundu. Katungu aliamka mapema kuliko zamani. Alifagia kabla baba hajafungua mlango, akakusanya majani yale na kuyatupa nyuma ya choo. Mama alimsifu kwa bidii yake. Sifa ile aliimeza na chai, haikushuka.

Siku moja, baba akiwa dukani, alichukua jembe dogo ili aufukue mti mmoja na kuutoa kopo lake. Hajapiga hata mara mbili, mama akatokea barazani.

"Unafanya nini, Marceline?"

"Napalilia, Mama."

"Vizuri, lakini acha kwanza. Baba yako amesema mizizi isiguswe na mtu mpaka aelewe ni ugonjwa gani."

Juma lile baba akaleta mianzi, akaagiza kila mti ujengewe kizimba ili mbuzi na watoto wasiusogelee. Katungu aliwatazama vijana wa dukani wakiifunga ile mianzi kwa kamba, fundo juu ya fundo. Sasa hata akitaka kurekebisha kosa lake, hana pa kupitishia mkono. Alitamani mvua kubwa ije iibebe miti yote mpaka mtoni. Mvua ikaja, kubwa sana, ikaiacha miti palepale.

Kaka yake baba alikuwa anakuja kutoka Butembo kuiona nyumba. Kadiri siku zilivyokaribia, ndivyo Sikuli alivyozidi kukunja uso kila alipopita njia yake. Jioni moja akaweka kijiko chini, akasema jambo ambalo Katungu hakulitegemea.

"Okito ameniuzia miti migonjwa. Alijua. Ameona huyu Sikuli ni mtu wa kuja, hana ukoo hapa, acha tumpe takataka. Nimekwisha kumwambia mukubwa wa mtaa. Mtu wa namna hiyo hawezi kuachiwa pahali pazuri kando ya stesheni. Watamtoa pale."

"Baba," alisema Katungu. "Ile miti…"

"Usijisumbue, mwanangu. Wewe huna kosa hata kidogo. Ulitoa jasho lako hapo, kila mtu aliona." Na akachukua kipande cha nyama kutoka sahani yake akakiweka kwenye sahani ya binti yake.

Angemkaripia, huenda maneno yangetoka. Kwa nyama ile yalirudi tumboni. Katungu aliila yote kwa sababu baba alikuwa anamtazama.

Kesho yake shuleni Mauwa alihamia ukingoni mwa dawati, mfuko wake ameuweka katikati yao.

"Babu hajauza mti mbaya kwa mtu," alisema bila kugeuka. "Hospitali wamepanda miti ya makopo yaleyale, imefika magotini. Wewe ulipanda namna gani?"

"Kama alivyosema."

"Babu hali chakula tangu juzi. Wakimtoa pale, hakuna mtu atamwona tena na miche yake. Sisi tutakula nini?"

Katungu alifungua daftari. Alisoma mstari uleule mpaka kengele ikalia.

Jumapili mchana mkubwa wa mtaa alikuja mwenyewe, na mwavuli mkononi na beji ya chama kifuani. Majirani wachache walisimama langoni, kwani neno la namna hii halimpiti mtu. Mzee Okito alikuja kwa miguu, amevaa koti lake la zamani la reli, na Mauwa nyuma yake. Wote wakasimama katikati ya ile njia, na miti ya manjano ndani ya vizimba vyake kushoto na kulia.

"Binti wangu njo alipanda," alisema Sikuli. "Ataeleza."

Katungu alifungua mdomo. Kabla sauti haijatoka, Mzee Okito akainua mkono.

"Acha mutoto," alisema. "Papa Sikuli, mimi nimechoka na maneno. Watu wanapita pale kwangu wananitazama kama mwizi. Sijui miti hii iko na nini. Pengine mbegu zilikuwa mbaya, mimi ni mzee, macho yangu si yale ya zamani. Nitaondoka pale. Nitavuka mto, nitafute pahali ng'ambo."

Mkubwa wa mtaa alionekana kufurahi sana, maana jua lilikuwa kali. "Basi," alisema. "Mwenye kosa amekubali, neno limekwisha. Hakuna haja ya kumsumbua mtoto."

Sikuli alitikisa kichwa kukubali. Majirani wakaanza kugeuka. Na Katungu aliona kwamba amepona. Mlango aliokuwa akiutafuta tangu mvua za kwanza ulikuwa umefunguliwa, na aliyeufungua ni mzee huyuhuyu. Ilimpasa kunyamaza tu, na kunyamaza alikuwa amekwisha kuzoea. Angepanda miti mingine. Ingekuwa mizuri. Na kila mara ingekuwa palepale, njiani mwao, asubuhi na jioni, na Mzee Okito ng'ambo ya mto.

Mauwa alimshika babu yake mkono, wakaanza kutembea kuelekea langoni.

"Haijaisha," alisema Katungu.

Sauti yake ilikuwa ndogo, mama tu aliyekuwa karibu aliisikia. Akasema tena, kwa nguvu, "Haijaisha. Babu, usiende."

Akapiga magoti mbele ya kizimba cha karibu. Mafundo yalikataa kufunguka, akavunja mwanzi kwa mikono miwili. Akachimba kwa vidole, udongo ulikuwa laini kwa mvua, mpaka ukingo wa bati ukatokea, umeshika kutu. Akalishika kopo akalivuta juu na mti wake. Maji meusi yenye kunuka yakamwagika kwenye gauni lake la kanisani. Mahali bati lilipopasuka mizizi ilionekana, imezunguka na kuzunguka ndani mpaka ikajisokota yenyewe, myeusi, imeoza.

"Mimi ndiye," alisema. "Mbegu zilikuwa nzuri. Babu aliniambia nitoe makopo. Mti wa kwanza niliuvuta ukavunjika, nikaogopa, na nilitaka kwenda animasyo. Nikafukia na makopo yake. Na hakuna watoto wa jirani waliochukua kitu."

Sikuli aliutazama mti, akamtazama binti yake, akautazama mstari wote mpaka mwisho.

"Yote?" aliuliza.

"Yote, Baba."

Alirudi nyuma akaketi kwenye ngazi ya baraza, mtu mzima na suruali yake ya Jumapili, kwenye vumbi. Mkubwa wa mtaa alikohoa, akaanza hotuba juu ya vijana, salongo na ujenzi wa taifa. Mama alimshika kiwiko kwa adabu, akamwambia chai iko tayari, tena ya maziwa, na hotuba ikaingia naye ndani.

Sikuli alisimama polepole. Alikwenda mpaka kwa Mzee Okito, na ilionekana wazi kwamba hatua zile zilikuwa nzito kwake.

"Mzee, nimekukosea," alisema. "Nilikuchafulia jina mbele ya watu wa stesheni. Kesho nitakuja palepale, mbele ya watu walewale, niseme kwamba nilidanganyika. Na huyu atakuja na mimi, aseme kwa mdomo wake."

"Mje," alijibu Mzee Okito. Hakutabasamu. Alilichukua lile kopo, akaligeuza mkononi, kidole chake kikatoboa kutu upande wa pili. "Makopo yangu yote," alisema. Kisha akavua koti lake akampa Mauwa. "Lete panga. Tuone kama iko hata mmoja unaoishi."

Waliifukua yote mchana ule, Sikuli mwenyewe akikata bati kwa panga, Katungu akichambua mizizi kwa maji. Mingi ilikuwa imekwisha. Michache ilikuwa na mizizi myeupe bado, wakairudisha ardhini bila kitu cha kuizuia. Mstari ukabaki na mapengo kama mdomo wa mtoto wa darasa la kwanza, na baba mkubwa alipofika kutoka Butembo alipita katikati ya mapengo hayo, na Sikuli hakumficha habari yake.

Jumatatu, siku moja tu baada ya kuifukua miti, Katungu alisimama mbele ya kibanda cha Mzee Okito na kusema aliyoyatenda. Wachuuzi walisikiliza, mmoja akamzomea, na Sikuli hakumtetea. Mahali pa mzee hapakuguswa. Baada ya hapo kila siku, shule ikitoka, Katungu alizunguka nyuma ya maduka na mikahawa akiokota makopo, akayaosha, akayatoboa kwa msumari, akayapanga kibandani. Nafasi yake mstari wa mbele ikapewa mwingine. Siku ya sherehe alisimama na watazamaji. Mauwa hakumwambia neno majuma mengi, na siku aliposema, alisema tu, "Yale ya samaki osha mara mbili, yananuka." Katungu akayaosha mara mbili.

Jioni moja, wakichambua mchele, alimwuliza mama yake kama baba bado ana hasira.

"Baba yako ana hasira na nafsi yake," alisema mama. "Alitaka miti ya kutazamwa, wewe ukampa miti ya kutazamwa. Mlielewana vizuri sana ninyi wawili." Alitupa jiwe dogo nje ya ungo. "Lakini sikiliza nikwambie, Marceline. Uongo wako hukuuanza kwa mdomo. Uliuanza kwa mikono. Kazi unayoifanya ili ionekane tu ni uongo hata kama hujasema neno, na mtu akishaifanya anakuwa mfungwa wake, kila siku lazima ailinde isionekane ndani. Wewe umelinda mpaka ukakaribia kumfukuza mzee wa watu kazini kwake."

"Niliogopa kupigwa, Mama."

"Najua. Na pengine ungepigwa. Lakini fikiri. Ungekuja jikoni siku ile, ukaniambia, Mama, nimevunja mti, tungekuwa na nini mkononi?"

Katungu alifikiri. "Mti mmoja uliovunjika," alisema.

"Mti mmoja," alisema mama, na akamsogezea ungo amalizie.